Kontena la Stanslaus Mabula

Geita mjini walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Stanslaus Mabula alizaliwa kijiji cha jirani na Mwadui, mtoto wa tano wa mfugaji aliyekuwa akiwaambia wageni kwamba huyu hachungi, huyu anachezea vyuma. Alianza na redio mbovu za majirani, akahamia kwenye simu, na alipofika miaka ishirini na tisa alikuwa na meza yake Nyarugusu, anafungua kompyuta za watu na kuzirudisha zikiwa nzima. Kuandika programu alijifunza peke yake, kwa Kiingereza cha kuungaunga na kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo. Alikuwa mrefu, mpole, na mashine ikimgomea aliisemesha kwa Kisukuma kama anavyosemeshwa ng'ombe anayekataa kuingia zizini.

Donatus alimkuta hapo mezani. Huyu Donatus alikuwa na kampuni ya mifumo ya kompyuta, vyumba viwili juu ya duka la saruji, na alikuwa na ulimi mtamu kuliko kampuni yenyewe. Alishawaahidi wenye maduara wa Rwamgasa kitu ambacho hakuwa na mtu wa kukitengeneza. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo. Donatus aliahidi kwamba kila anayeshuka duarani atagusisha kadi kwenye kisomaji kilichofungwa mdomoni mwa shimo, na akitoka atagusisha tena. Jina lake litakaa kwenye skrini ya ofisi likiwa la kijani. Akipitiliza saa sita bila kutoka, jina litageuka jekundu na king'ora kitalia, watu waende kumtafuta.

Stanslaus alikitengeneza kitu hicho kwa miezi kumi na moja. Kilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba kilikubali kutengenezwa na kurekebishwa kwenye laptopu moja tu, aliyopewa na Donatus. Alikuwa amepachika humo programu saidizi chungu nzima, hii ya mwaka juzi, ile ya mwaka huu, nyingine hakumbuki aliipata wapi. Vijana watatu waliajiriwa kumsaidia. Kila mmoja alimaliza wiki nzima akijaribu kuandaa kompyuta yake ifanane na ile, akashindwa, akaondoka.

"Kwangu inakubali," Stanslaus alikuwa akisema, na alisema kwa unyonge, maana aliona aibu.

Mwaka huo malaria ilimlaza hospitali siku nne. Siku ya pili Donatus aliingia wodini na laptopu kwapani. Serafina, mke wa Stanslaus, alikuwa akimnywesha uji.

"Pole, Mwalimu. Rwamgasa wanataka jina la duara jipya lionekane. Dakika mbili tu."

"Shemeji, hawezi hata kukaa," Serafina alisema.

Donatus aliufungua mfuniko wa laptopu, akaiweka mashine juu ya miguu ya mgonjwa, akausogeza mkono wenye dripu mpaka kwenye kibodi. "Bonyeza panapobonyezwa, halafu ulale."

Stanslaus alibonyeza. Damu ilipanda kwenye mpira wa dripu, nesi akaja akapiga kelele, na Donatus akashuka ngazi akiwa ameshapata alichokifuata.

Alipopona, Donatus alimwita. "Hii haifai, Mwalimu. Ukifa je?"

"Mtanizika."

"Na mfumo?"

Ndipo Stanslaus alipoanza kusoma habari za kontena. Si yale ya chuma yanayobebwa na malori, ingawa msimamizi wa Rwamgasa aliposikia kwamba Mwalimu anatuma kontena aliamuru vijana wafyeke majani nyuma ya ofisi ili lori lipate pa kugeuzia. Kontena la programu halishikiki. Unachukua programu yako na kila inachokitegemea, toleo lile lile, mipangilio ile ile, unavifunga pamoja kwa faili moja la maelekezo. Mwenzako akilifungua kwenye kompyuta yoyote, anaikuta kazi kama ulivyoiacha wewe. Hakipachikwi kitu, hakuna kubahatisha.

Alilifanyia kazi miezi miwili. Serafina anasema hakuwahi kumwona na furaha kama wakati ule. Aliandika faili la maelekezo mstari kwa mstari, na juu ya kila mstari akaweka maelezo ya Kiswahili, ili atakayekuja asihangaike kama walivyohangaika wale vijana watatu. Mwanafunzi wake alikuwa Aneth, binti wa Kahama, mpokea wageni wa kampuni, mwepesi wa kushika mambo. Kila siku baada ya chakula cha mchana Stanslaus alivuta kiti karibu na meza yake, wakaenda pole pole.

"Na huu, Mwalimu?" Aneth aliuliza siku moja.

"Huo ndio wa saa. Kontena likizaliwa halijui kama liko Geita. Linafuata saa ya dunia, iko nyuma yetu saa tatu. Kisomaji cha duarani kinafuata saa yetu. Ukiuondoa huo mstari, mtu akipitiliza duarani sisi tutajua saa tatu baadaye."

"Mh. Mstari mdogo hivi."

"Ndiyo maana nimeandika hapo juu usiondolewe."

Siku ya kulijaribu, Donatus aliwaalika wenye maduara wanne. Ilinunuliwa laptopu mpya, ikatolewa kwenye boksi mbele yao. "Asiyejua kompyuta ndiye atakayejaribu," Donatus alisema, akamnyooshea kidole Aneth, mwenyewe akaweka saa ya simu yake ihesabu. Aneth aliandika maneno machache, akasubiri, kontena likafunguka, majina ya Rwamgasa yakatokea ya kijani. Dakika tisa. Wote walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Stanslaus. Alikuwa akicheka peke yake kama mtu aliyeoa. Mwenye duara mmoja, mzee wa Kisukuma, alimshika mkono, akamwambia, "Wabeja, ng'wanawane," yaani asante, mwanangu.

Jumatatu iliyofuata alikuta barua juu ya kiti chake. Donatus hakumficha kitu.

"Umefanya kazi nzuri sana, Mwalimu. Umeona mwenyewe, dakika tisa. Sasa mimi nikuweke wewe hapa wa nini?"

"Nilidhani nitawafundisha wengine."

"Umeshafundisha. Kila kitu umekiandika." Akanyoosha mkono. "Laptopu ni ya kampuni."

Donatus aliifuta mbele yake. Stanslaus alisimama pale mlangoni akitazama mstari wa bluu ukijaa kwenye skrini mpaka miaka yake mitatu ikaisha. Aneth alikuwa mezani pake, ameinamisha kichwa kama anatafuta kitu kwenye droo. Wiki ile ile alipewa kiti cha Stanslaus.

Mfumo ukaendelea vizuri. Rwamgasa walimwondoa hata karani aliyekuwa akikaa mdomoni mwa duara na daftari, akiita majina kila zamu inapoisha. Walisema skrini haisinzii. Donatus akahamishia kazi yote kwenye hifadhi mpya, faili tupu bila historia ya nani aliandika nini, ili wateja wapya wakichungulia wasikute jina la mtu aliyeondoka. Kisha akalalamika kwamba kontena ni zito, linachelewa kushuka kwa intaneti ya kule.

"Lipunguze," alimwambia Aneth. "Tafuta msingi mwepesi wa kulijengea. Na hili faili nusu yake ni hadithi za Mabula. Safisha."

Aneth alisafisha. Alipofika kwenye ule mstari alisita. "Bosi, huu ameandika usiondolewe."

"Aliyeandika yuko wapi? Jaribu bila huo."

Alijaribu. Majina yakatokea, yote ya kijani.

"Umeona?" Donatus alisema. "Alikuwa anajaza karatasi."

Bujiku alikuwa fundi wa matimba, yaani zile nguzo za miti zinazozuia kuta za shimo zisianguke. Mkewe, Ghati, mtu wa Tarime, aliuza uji na maandazi pale pale kwenye maduara. Jumapili moja, wachimbaji wakiwa makanisani na wengine wamelala, Bujiku alishuka peke yake saa moja asubuhi kukagua matimba kabla ya zamu ya Jumatatu. Aligusisha kadi, kisomaji kikalia, akashuka. Kama saa nne hivi, ukuta wa pembeni ulishuka na nguzo mbili, ukamziba njia na kumbana miguu. Juu hakuna aliyesikia kishindo.

Alikuwa na nyundo. Alianza kugonga bomba la hewa. Waliokuwa duara la jirani walisikia vizuri: ngo, ngo, ngo, anapumzika, ngo, ngo. Wakasema fundi leo anachapa kazi. Mmoja wao alikwenda mpaka ofisini kuazima sururu, akatupa jicho kwenye skrini, akaona Bujiku yuko kijani. Akarudi zake. Ghati naye alisikia. Alikuwa akiosha sufuria hatua thelathini kutoka mdomoni mwa shimo, na baadaye alisema kwamba ile sauti ilimpa raha, alijua mume wake yuko kazini.

Saa saba mchana, saa sita zilipotimia, jina halikugeuka jekundu. Kugonga kulizidi kukawia. Kwenye saa tisa kulinyamaza. Saa kumi kamili king'ora kililia, watu wakakimbia na winchi, na saa kumi na nusu walimfikia. Alikuwa bado ana joto. Daktari alisema hewa ilimwishia, na kwamba wangefika saa nane wangemkuta anaongea.

Donatus alipata simu kabla maiti haijafika mochwari. Alikwenda ofisini, akamwita Aneth, wakasimama mbele ya faili. Aneth alishajua. Alikuwa ameijua sababu tangu aliposikia neno saa kumi.

"Juu kabisa ya hili faili," Donatus alisema, "rudisha jina lake."

"La nani, bosi?"

"Mabula. Limetengenezwa na Stanslaus Mabula. Andika."

Aneth akaandika.

Polisi walimchukua Stanslaus Jumanne, mezani pake Nyarugusu alikokuwa amerudi, mbele ya wateja na mbele ya binti yake Violeth aliyekuwa amemletea chakula. Alikaa mahabusu siku sita. Siku ya saba alisimamishwa mbele ya kamati iliyoundwa kuchunguza kifo kile, katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki, wachimbaji wamejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa na karatasi mkononi, faili limechapwa.

"Hili jina ni lako?"

"Ni langu."

"Kontena hili ulilitengeneza wewe?"

"Nililitengeneza mimi, lakini hilo si lile. Kuna mstari wa saa. Niliuandika. Haupo."

"Una nakala yenye huo mstari?"

"Laptopu ilifutwa siku nilipoondoka."

"Kwa hiyo huna."

"Aneth anajua," Stanslaus alisema. Alimgeukia. Sauti yake haikuwa ya kumshitaki mtu, ilikuwa ile ile ya baada ya chakula cha mchana. "Aneth, waambie. Nilikuonyesha. Ulisema ni mstari mdogo."

Donatus alikuwa amekaa kando ya Aneth, miguu ameikunja, anachezea ufunguo wa gari.

"Sikumbuki," Aneth alisema.

"Aneth."

"Alinionyesha mambo mengi, mwenyekiti. Mstari wa saa sikumbuki."

Donatus alipoulizwa alizungumza kwa huzuni nzuri. Alisema alimwamini mtu asiye na cheti kwa sababu alimhurumia, na kwamba hilo ndilo kosa lake mwenyewe na atalibeba maisha yake yote. Wazee wengine walitikisa kichwa kwa kumwonea imani.

Kamati ilisema Stanslaus alifanya uzembe bila kukusudia. Hakufungwa. Iliamuliwa asifanye kazi tena na chama chochote cha wachimbaji, na tangazo likasomwa kwa kipaza sauti Rwamgasa na Nyarugusu, siku ya gulio, jina lake na la baba yake. Nje ya ukumbi Ghati alikuwa akimsubiri, mtoto mgongoni. Watu walisogea ili wawape nafasi, wakitaka kuona. Hakumpiga. Alisimama karibu sana naye.

"Alikuwa anagonga," alisema. "Mimi nilimsikia. Nilikuwa naosha sufuria nikamsikia. Mashine yako ndiyo iliniambia niendelee kuosha."

Stanslaus alifungua mdomo kumweleza. Halafu akaona hakuna namna ya kueleza ambayo isingekuwa ya kujitetea mbele ya mjane. Akasema, "Pole, mama." Ghati akamtemea mate kifuani, akaondoka.

Meza ya Nyarugusu ilivunjwa siku tatu baadaye, haijulikani na nani. Serafina alifunga vyombo, wakahamia Shinyanga, kwenye chumba cha dada yake, na Stanslaus akaanza upya kibarazani, akibadilisha vioo vya simu. Violeth alihamishwa shule. Hata huko habari zilimfuata. Wenzake walimwita mtoto wa king'ora, na mwalimu mmoja alicheka.

Mwezi wa tano tangu kifo kile, saa nne asubuhi, Aneth alitokea kibarazani amevaa miwani ya jua, mkoba wa laptopu begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Stanslaus aliiweka chini bisibisi. "Marahaba."

Serafina alitoka ndani kuangalia ni nani, akamwona, akarudi ndani, mlango ukafungwa kwa nguvu.

Aneth alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alivua miwani. "Mwalimu, ule mstari nimeurudisha. Niliurudisha kesho yake tu. Lakini jana nimejaribu na bado iko nyuma saa tatu. Nimesoma kila mahali. Bosi amewaambia wenye maduara kwamba tumesharekebisha. Na kesho Nyarugusu wanaanza kuutumia, maduara kumi na nne."

"Kwa miezi mitano Rwamgasa wanashuka na saa mbovu?"

Alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Umekuja kuniambia ukweli, au umekuja nikurekebishie?"

Aneth aliitoa laptopu mkobani, akamsogezea. Kwa hiyo alikuwa amejibu.

Stanslaus aliitazama ile laptopu. Ilikuwa ile mpya iliyotolewa kwenye boksi siku ya makofi. Alifuta mikono kwenye suruali, akaipakata, akafungua faili. Jina lake lilikuwa juu. Chini yake maelezo yake yote yalikuwa yameondolewa, mistari imebaki mikavu, kama nyumba iliyohamwa.

"Mlibadilisha msingi," alisema baada ya muda. "Mmechukua mwepesi. Huu mwepesi hauna ndani yake orodha ya saa za nchi. Mstari unamwita mtu ambaye hayupo nyumbani, wala haulalamiki, unarudi kimya kwenye saa ya dunia. Kwanza uipakie orodha, ndipo mstari ufanye kazi." Alikuwa akiandika huku akisema, na akasimama katikati. "Utakwenda kuwaambia?"

"Mwalimu, nikisema nitafungwa mimi."

"Pengine."

"Nina mama anayenitegemea. Na mdogo wangu."

"Ghati naye ana mtoto."

"Najua, Mwalimu." Akainamisha kichwa. "Siwezi."

Angeweza kuifunga laptopu na kumrudishia. Serafina anasema yeye angeivunja ukutani. Stanslaus alikaa, vidole juu ya kibodi, kwa muda ambao mteja mmoja alifika, akaona sura zao, akaondoka na simu yake. Kisha akaendelea kuandika. Alilijenga kontena upya, akalifungua, akaweka simu yake kando ya skrini na kulinganisha dakika kwa dakika. Akajifanya mchimbaji aliyeshuka saa sita na dakika moja zilizopita. Jina likageuka jekundu, king'ora kikalia kibarazani, na kuku wa jirani wakakimbia.

"Nenda," alisema. "Lifikishe leo hii, Rwamgasa kwanza. Usisubiri kesho."

Aneth alisimama. Alitaka kusema kitu, pengine asante, pengine nisamehe. Stanslaus alikuwa ameshachukua simu iliyovunjika kioo na kuanza kung'oa skrubu zake.

Serafina alitoka ndani. "Umemtengenezea."

"Kuna watu wanashuka kesho."

"Na wewe je? Sisi je?"

Alirudi kwenye skrubu zake, na Serafina hakusema naye mpaka Jumapili.

Aneth alilifikisha kontena siku ile ile. Kweli yake hakuifikisha popote. Mwaka uliofuata Donatus alipewa cheti kwenye maonesho ya madini, kwa kulinda maisha ya wachimbaji wadogo, na picha yake na Aneth wakiwa wamekishika ikawekwa ukutani pale juu ya duka la saruji. Safari hii jina la Stanslaus lilitolewa tena kwenye faili, maana halikuwa na kazi.

Kule Nyarugusu, mwaka ule mfumo ulilia kwa wakati mara mbili, na mara zote mbili mtu alitolewa mzima. Stanslaus alizisikia habari hizo kwa mteja aliyekuwa akisubiri betri. Mteja alimsifia sana Donatus.

Mara moja tu alijaribu kumfikia Ghati, aliyekwisha kurudi kwao Tarime. Alimtuma dereva wa lori, mtu wanayefahamiana, ampelekee barua ya kurasa mbili aliyoiandika upya mara nyingi, inayoeleza mstari, na msingi mwepesi, na nani alijua. Dereva alirudi baada ya wiki mbili, barua mkononi, haijafunguliwa.

"Nilimwambia imetoka kwako," alisema. "Akaniuliza, humo ndani Bujiku yumo? Nikasema hayumo. Akasema basi nirudi nayo."

Stanslaus aliipokea, akamshukuru dereva kwa usumbufu, akamwuliza kama simu yake bado inakata chaji.